Ushuhuda Ambao Yeyo Hakuutoa

Kajiado,
12 Mei 2024

Dada yangu Soipan,

Takwenya. Najua utaisoma barua hii ukiwa umekunja uso, lakini salamu ni haki ya mtu hata akiwa amenuna. Sisi hapa tuko salama. Mvua imetupiga mpaka boma limekuwa tope tupu, ila nyasi zimerudi na ng'ombe wameanza kunenepa. Wale wawili wenye mabaka wa baba yetu, Papa, wamezaa, ndama wote majike. Mke wangu Roda anakusalimu sana. Mama yetu, Yeyo, yuko. Anakula vizuri, ni goti tu linalomsumbua asubuhi kukiwa na baridi.

Ninaandika kwa kalamu kama mtu wa zamani kwa sababu tangu tumzike Papa mwezi wa pili umenizuia kwenye simu yako, na nikipiga kwa simu ya Roda unakata mara tu unaposikia sauti yangu. Sawa. Bahasha haina kitufe cha kukata. Nitaiacha kwa watu wa mizigo hapa stendi, wewe uichukue hapo Kitengela.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Mama mmoja wa kanisa lenu alinikuta kwenye semina Isinya, akanivuta pembeni, akaniuliza kama ni kweli dada yangu anawafundisha watoto wa shule ya Jumapili kwamba Mathayo hakuandika Mathayo. Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisema binti yake alirudi nyumbani akauliza mezani ni nani basi aliyeandika Injili, na baba yake akaweka kijiko chini.

Soipan, nilisikia kinyaa. Sina neno la kupunguza. Nilisikia kama mtu aliyemaliza maziwa akakuta nzi chini ya kikombe. Mimi ni mwinjilisti, nimekanyaga vumbi kutoka hapa mpaka Oltepesi nikiwapelekea watu Neno, na damu yangu mwenyewe iko Kitengela inawapa watoto sumu baada ya kuwaimbisha! Hicho chuo chako cha Biblia cha jioni kinakufundisha nini? Marko aliandika Marko. Luka aliandika Luka. Majina yao yako juu ya ukurasa. Ukiona jina la mtu juu ya maneno, maneno ni yake. Ni nini kigumu hapo?

Nakuomba uwaendee hao watoto uwaambie ulikosea. Kanisa letu jipya linafunguliwa mwezi wa kumi na mbili, Askofu atakuja, na siku hiyo hiyo nitawekewa mikono niwe mchungaji kamili. Wazee wamepanga Yeyo asimame atoe ushuhuda wa jinsi Papa alivyompokea Bwana saa ya mwisho. Sitaki siku kama hiyo watu wanong'one kuhusu dada yangu.

Ni mimi kaka yako,
Leshan


Kitengela,
9 Juni 2024

Kaka Leshan,

Iko. Nimeitika salamu yako, hiyo umepata.

Sisi tuko wazima. Jane wangu ameota jino la mbele na anamwonyesha kila mtu, hata wateja wa hardware ninakouzia simiti. Maji ya mfereji yalikatika kwa muda, sasa yamerudi yakiwa na rangi ya chai. Mwambie Roda nimepokea siagi aliyotuma, tumeimaliza kwa aibu ya haraka. Mpeleke Yeyo akaonwe goti. Usimwombee tu, mpeleke.

Kuhusu watoto. Tulikuwa tunasoma habari za kaburi kuwa wazi. Msichana mmoja, Phylis, akainua mkono: "Ticha, kwani huku wanasema malaika ni mmoja, na kule wanasema ni wawili. Nani alikuwa hapo akahesabu?" Ungemjibu nini wewe? Nilimwambia ukweli. Nilimwambia wale walioandika hawakuweka majina yao ndani ya habari yenyewe. Majina tunayoyasoma juu yaliwekwa na kanisa baadaye, kwa kufuata yale wazee wa kanisa waliyokuwa wakisimuliana. Inawezekana walikuwa sahihi, inawezekana hawakuwa. Nikamwambia watu wanne wakisimulia jambo moja kubwa hawawezi kulingana, na hiyo haimaanishi jambo halikutokea. Phylis akasema, "Sawa," akaendelea kupaka rangi. Aliyeshindwa kumeza ni baba yake.

Basi nije kwa kinyaa chako, maana na mimi niko nacho, tena kingi.

Umeandika kwamba jina likiwa juu ya maneno, maneno ni ya mwenye jina. Niko na kijitabu cha mazishi ya Papa hapa mbele yangu. Ukurasa wa tano una picha ya Yeyo akiwa na shanga zake za sherehe, chini yake jina lake lote, na chini ya jina maneno ya kizungu safi kabisa. Maneno hayo yanasema kwamba asubuhi ile Papa alimshika mkono, akainua macho, akasema anamwona Yesu amevaa nguo nyeupe, kwamba amemkubali, na kwamba watoto wake wote wamfuate. Yeyo! Yeyo ambaye hawezi kusoma kibao cha zahanati. Binti wa kwaya aliusoma ukurasa huo kwa kipaza sauti, kisha mzee mmoja akautafsiri kwa Kimaa, na hapo ndipo nilipomwona Yeyo akigeuza shingo polepole kukutazama wewe. Wewe ulikuwa unatazama viatu vyako. Ndiyo maana nilikuzuia kwenye simu, kama ulikuwa hujui.

Na kama hujaona, maana wewe huona mbali tu, Yeyo hajala Meza ya Bwana tangu siku ile. Nilipokuja Pasaka nilikaa kando yake. Sinia ilipofika alificha mikono ndani ya shuka. Nilipomuuliza nje, alisema, "Mdomo wangu umesema kitu ambacho sikusema. Siwezi kuuleta mdomo huo mezani." Mama aliyebatizwa wakati mimi na wewe tulikuwa bado tunachunga ndama, aliyekuwa anatembea kwenda kanisani Papa akimcheka, sasa anakaa kiti cha nyuma kama mgeni.

Na mwezi wa kumi na mbili unataka asimame ayarudie kwa mdomo wake mwenyewe. Akiyasema, atakuwa amesema uwongo kweli kweli. Akikataa, atakuaibisha mbele ya Askofu anayekuja kukuwekea mikono. Umemwachia mama yako njia mbili, zote za miiba.

Nina swali moja tu. Nani aliandika ukurasa wa tano?

Soipan


Kajiado,
28 Julai 2024

Kwa dada Soipan,

Naamini unaendelea vizuri wewe na Jane. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya ujenzi. Mabati yamefika na tumeanza kuezeka upande wa madhabahu. Baridi ya mwezi huu imekuwa kali, mzee Kuntai jirani yetu amelazwa na kifua lakini ametoka. Ndama mmoja wa mabaka alikufa. Goti la Yeyo limepata dawa ya kupaka.

Nimesoma barua yako mara nyingi, nami nimesikitika sana jinsi elimu inavyoweza kumfanya mtu awe na ulimi kama wa nyoka. Unasema majina yaliwekwa na kanisa baadaye. Ni nani basi angejua kuliko kanisa? Walioyaweka walikuwa karibu na jambo hilo kuliko wewe na walimu wako wa jioni. Na hata kama Luka hakuwepo, Roho alikuwepo. Roho anaweza kumpa mtu maneno ya jambo ambalo hakuliona kwa macho. Ukikataa hilo, umekataa yote, funga Biblia uende ukauze simiti yako kwa amani.

Unajua kinachonichukiza zaidi? Ni hiyo raha yenu ya kupata tofauti. Huyu amesema mmoja, huyu amesema wawili, basi mnapigiana makofi. Mtu wa Mungu akiona tofauti huzileta pamoja, anatengeneza habari moja iliyonyooka ambayo mtu wa kawaida anaweza kuishikilia akiwa kwenye shida. Hiyo si dhambi, hiyo ni kulisha kondoo.

Kuhusu kile kijitabu, kiliandikwa kwa niaba ya familia, kama inavyofanyika kila mahali. Hata huko kwenu. Umewahi kuona mjane gani, mtu amemfia juzi, akikaa chini aandike ukurasa mzima? Watu wote wanajua ni desturi.

Yeyo hana shida. Ni mtu wa kimya, alikuwa hivyo hata Papa akiwa hai. Atasimama vizuri. Usimjaze maneno.

Leshan


Kitengela,
18 Agosti 2024

Kaka,

Pole kwa ndama. Mpe mzee Kuntai pole zangu pia, mwambie aache kulala na dirisha wazi kama kijana. Jane anauliza kama ng'ombe wa babu wanamkumbuka. Nilimwambia wanamkumbuka. Unaona, hata mimi naweza kuweka maneno kwenye midomo ya wengine, lakini angalau ni ya ng'ombe.

Nilikuuliza nani aliandika, ukanijibu "kiliandikwa". Kalamu ilijiinua yenyewe mezani ikaanza kutembea? Umezunguka swali langu jinsi mbuzi anavyozunguka bomba la dawa.

Basi nitakujibu mimi, kwa njia wanayotufundisha huko kwenye sumu. Wanatuambia ukitaka kujua maneno ni ya nani, usitazame jina lililo juu, tazama maneno yenyewe yanaongea vipi. Nimeutazama ukurasa wa tano. Umelitaja jina la Papa katika kila aya. Leshan! Umekulia nyumba gani wewe? Lini umemsikia Yeyo akitamka jina la mume wake, akiwa hai au amekufa? Kwake ni Menye Leshan, baba yake Leshan, basi. Alikuwa akimwita kutoka ng'ambo ya korongo kwa jina lako wewe. Na tena mtu amekufa, jina lake halirushwi rushwi ovyo kama mpira, hilo hata watoto wa boma wanajua. Mimi mwenyewe sijaliandika katika barua hizi, wala wewe hujaliandika, tumekwepa bila hata kupanga. Lakini mwandishi wa ukurasa wa tano alilitaja mpaka likachakaa, kwa sababu alikuwa anaandika kwa ajili ya Askofu, si kwa ajili ya Yeyo. Hilo ndilo kosa lililokufichua. Mwanamke wa hapa kwetu hawezi kulifanya hata akilazimishwa.

Na saa ya mwisho ya Papa sasa ina habari ngapi? Kijitabu kinasema alimwona Yesu. Wewe kaburini ulihubiri kwamba alikwambia kwa simu, wiki ile, kwamba yuko tayari kubatizwa. Mzee Kuntai alituambia pale kwenye chai kwamba alipofika alimkuta amekwisha kata roho, na kwamba siku moja kabla alikuwa anauliza tu habari za dume lililopotea. Roda alisema hakusikia kitu, alikuwa anakamua. Na wewe ulikuwa Illasit kwenye mkutano. Ulikuja jioni. Aliyekuwa ndani ya nyumba ni Yeyo peke yake.

Usiniambie kuhusu Luka. Luka hakuwepo, na mwanzoni kabisa mwa kitabu anasema hivyo bila aibu: kuna walioona tangu mwanzo, habari zilitoka kwao, naye amezifuatilia kwa makini. Maana yake aliuliza, Leshan. Hakumpachika mtu maneno kisha akaweka picha yake juu. Hata hao wanne ambao ulisema nafurahia tofauti zao, mimi nawapenda zaidi sasa. Mmoja anamwacha Yesu afe akilia kwamba ameachwa, mwingine anamfanya akabidhi roho yake kwa utulivu, mwingine anasema kazi imemalizika. Kanisa lingeweza kuwanyoosha wakawa mmoja. Halikufanya hivyo. Liliwaacha wote wanne wakae na tofauti zao, watu wazione. Wewe ndiye huwezi kuvumilia.

Mtoe Yeyo kwenye hiyo ratiba. Sitaki kitu kingine kwako.

Soipan


Kajiado,
20 Oktoba 2024

Soipan,

Habari za huko. Hapa kumekauka, mifugo tunaipeleka mbali. Roda alikuwa mgonjwa kidogo, sasa amepona. Kanisa limebaki kupakwa rangi tu.

Sikutaka kujibu barua yako. Niliiweka mezani, nikaitoa, nikairudisha. Nimeamua kuandika ili yaishe.

Wewe ulikuja siku ya mazishi, ukashuka na miwani ya jua na shada la maua. Mimi nilikuwa hapa siku zote za kabla. Unajua utaratibu wa kanisa letu. Mtu ambaye hajabatizwa na hakuna aliyemsikia akikiri, hakuna ibada, hakuna kwaya, mchungaji hasogei kaburini. Wazee walikaa kwenye sebule yangu wakaniuliza, mimi mwinjilisti wao, kama baba yangu alikuwa wa Bwana. Ungewaambia nini? Kwamba alikuwa anawaita watu wanaopiga magoti "mbuzi wenye njaa"? Ulitaka tumfukie kama mbwa, bila wimbo hata mmoja, Yeyo akiangalia? Yeyo alitaka azikwe kwa maombi. Alilia akitaka hivyo. Basi alizikwa kwa maombi. Nani aliumia?

Ninyi wa Kitengela ukweli ni rahisi kwenu kwa sababu hamuulizwi na mtu. Mnasoma jioni, mnakula chipsi, mnarudi kulala. Mimi nikisema "sijui" hapa, kuna mama aliyezika mtoto analala njaa ya roho siku hiyo. Inanichukiza mtu kukaa mbali na kuhesabu makosa kama anayechambua maharagwe.

Ratiba imechapishwa, haiwezi kubadilishwa. Ni tarehe nane Desemba. Nimemwandalia Yeyo maneno machache tu ya Kimaa, mafupi, na kila jioni tunayapitia pamoja ili asibabaike. Anayajua karibu yote sasa. Ukija, njoo na moyo safi. Usipokuja, tutaelewa.

Leshan


Kitengela,
3 Novemba 2024

Leshan,

Tuko salama. Jane anasalimu Yeyo na Roda.

Mnayapitia kila jioni! Nilisoma mstari huo nikiwa dukani, nikaenda nyuma kwenye mabomba nikausoma tena. Mara ya kwanza ulimwandikia maneno bila kumwambia. Sasa unamfundisha mama yako kusema uwongo kama kasuku, neno kwa neno, baada ya chai. Inatia kichefuchefu. Naona karaha hata kushika karatasi uliyoishika.

Umesema wazee walikuuliza. Ungewaambia: mwulizeni mama, yeye ndiye alikuwepo. Wewe uliona afadhali ujibu mwenyewe kwa jina lake. Nakubali ulitaka Papa aimbiwe. Hata mimi nilitaka aimbiwe, na nililia kwaya ilipoanza. Lakini wimbo ule umelipwa na Yeyo, na bado analipa kila sinia ikipita.

Sitakuja tarehe nane. Jumatatu yake niko na mtihani, na hata kama nisingekuwa nao nisingekuja kumtazama akisimamishwa mbele za watu. Nitakuwa nasoma Marko. Yeye, au yeyote aliyekuwa Marko, katika nakala za zamani anamaliza kitabu chake na wanawake wanaotoka kaburini wakikimbia, hawamwambii mtu yeyote neno lolote kwa sababu waliogopa. Basi, hapo hapo kitabu kimekwisha. Watu waliokuja baadaye walichukizwa na ukimya huo wakaongeza maneno ya kumalizia. Kila nikisoma hapo siku hizi namwona Yeyo.

Usinijibu mpaka umemwachilia.

Soipan


Kajiado,
15 Desemba 2024

Barua hii imeandikwa kwa mkono wa Roda, mke wa Leshan. Maneno ni ya mama yake Leshan na Soipan. Amenisimamia nianze kwa kuandika hivyo kabla ya salamu, na amesema niandike pia kwamba yeye anasema kwa Kimaa na mimi naweka kwa Kiswahili, na mahali nikikosea kosa ni langu. Baada ya hapa ni yeye anayeongea.

Takwenya, mtoto wangu. Jane yuko? Jino limekuwa refu? Sisi tuko. Mvua imerudi kidogo. Goti liko pale pale, ile dawa ya kupaka inanuka tu. Ng'ombe wamerudi nyumbani wote, na yule wa mabaka ana maziwa mengi mpaka tunagawa.

Nimezisoma barua zenu. Roda ndiye amenisomea, zote, kwa sababu Leshan huziacha mezani, zako na zake pia kabla hajazipeleka stendi, kama mtu anayetaka zionekane. Nimezisikia mpaka mwisho. Mmeniudhi sana ninyi wawili. Sijui niwaeleze vipi. Nilikuwa nasikiliza jina langu likipita huku na huku, Yeyo hivi, Yeyo vile, kama ndama anayevutwa miguu na watu wawili.

Ile Jumapili waliniita. Kanisa lilijaa. Leshan alikuwa amekaa mbele na suti mpya. Walinipa kile chuma cha kuongelea. Yale maneno aliyonifundisha niliyajua yote, mimi si mjinga. Nikasema hivi: "Ule ukurasa wa mazishi wenye picha yangu, mimi sikuuandika. Sijui kuandika. Na maneno yake sikuyasikia kwa masikio yangu." Nikawarudishia chuma chao, nikakaa.

Askofu alimtazama Leshan, Leshan akatazama viatu vyake. Askofu akasema mambo ya kuwekewa mikono yangoje kwanza, akaendelea na ibada. Sinia ilipofika kwangu nilitoa mikono yangu, nikachukua, nikala. Nilikula pole pole. Ilikuwa imepita muda mrefu.

Usifurahi, Soipan. Nakuona huko unafurahi. Ngoja.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa miguu, Roda aliniuliza: "Sasa Yeyo, yeye alisema nini kwa kweli, ile asubuhi?" Nikasimama njiani. Unajua ni mtu wa kwanza kuniuliza? Wazee wa kanisa hawakuniuliza. Leshan hakuniuliza, aliniambia. Na wewe uliyekaa kando yangu Pasaka, ukaniuliza kwa nini sili, halafu ukarudi Kitengela kunipigania kwa karatasi. Umeandika kwamba mtu wa Biblia anayeitwa Luka aliwauliza walioona. Umemsifu. Mimi nilikuwa hapa, na nilikuwa nimeona. Ndiyo maana nimempa Roda kalamu.

Sasa nasema, na Leshan amekaa hapo mlangoni kwenye kigoda, anasikia, sijamfukuza.

Menye Leshan hakuona mtu wa nguo nyeupe. Aliomba maji, nikampa, akanywa kidogo. Akauliza kama lile dume limepatikana. Nikamwambia limepatikana, na halikuwa limepatikana, huo uwongo ni wangu mimi na Mungu anaujua. Nilidhani amelala. Halafu akaniuliza, "Huyo Mungu wako, anasikia Kimaa?" Nikamwambia, "Ananisikia mimi siku zote, na mimi sijui lugha nyingine." Akasema, "Basi mwambie nakuja." Nikafumba macho nimwambie. Nilipofumbua alikuwa ameenda.

Hayo sikuwaambia wale wa kanisani. Sijui kama kwa utaratibu wao hayo ni kuokoka au si kuokoka, na sitawauliza. Lakini kama Leshan angeniuliza kabla ya kuchukua kalamu, labda hata yeye angeona yanatosha kumwimbia mtu.

Roda anasema Leshan ameweka kichwa chini. Nimemwona. Uandike hivyo, Roda, lakini usiongeze.

Njoo Jumamosi na Jane, kuna maziwa. Ufungulie kaka yako simu, mkitaka kugombana mgombane kwa mdomo nisikie. Na ile Biblia yako uje nayo. Nataka unisomee mahali pale wale wanawake walipokimbia wakanyamaza. Unasema hawakumwambia mtu kwa sababu waliogopa. Soma polepole, unitazamie kama kuna mtu aliyewauliza.